Karatasi ya Pili ya Mithika

Barua za Mithika zilikuwa zinasomwa kanisani, baada ya matangazo, kabla ya mnada wa kuku. Usishangae. Kijana alikuwa amepelekwa ng'ambo kusoma uhandisi kwa harambee ya kijiji kizima cha Kibirichia. Huyu alitoa gunia la viazi, yule dume la mbuzi, na wale waliotoa maombi peke yake ndio walikimbilia benchi ya mbele siku ya barua. Mama yake, Karwirwa, hakujua kusoma, kwa hivyo mpango huo haukumuudhi. Alikuwa anakaa, anakaza kitambaa chake kichwani, anamsikia mwanawe akiongea kwa sauti ya katekista Salesio.

Hii ilikuwa miaka ya themanini, wakati mtu alikuwa anaangalia nyuma yake kabla ya kulalamikia hata mvua. Mwanafunzi aliye ng'ambo alihesabiwa na serikali kuwa adui mpaka arudi nyumbani akaonekana hana kitu. Mithika mwenyewe, siasa yake yote ilikuwa kwamba viazi vya huko havina ladha.

Jumapili moja Salesio akafungua bahasha. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kawaida: salamu, baridi, viazi. Halafu mwishoni kabisa: "Mama, nimekuwa nikiumwa sana na tumbo, na sasa daktari ameamua kunipasua." Salesio akashika karatasi ya pili, akaendelea kwa sauti ile ile ya Injili:

"Mpenzi wangu, mume wako akienda Isiolo kuuza viazi, anika kitambaa chekundu dirishani nijue njia ni nyeupe..."

Akakohoa. Akaigeuza karatasi, kana kwamba Mithika angekuwa amejificha upande wa nyuma.

Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini Kibirichia hadi leo kila mtu atakuambia alikuwa amekaa benchi gani. Kwaya ilicheka hadi ngoma ikaanguka. Wanaume wanaouza viazi Isiolo, na si wachache, walitoka kabla ya baraka.

Karwirwa hakucheka. Alienda mbele, akainyakua karatasi mkononi mwa Salesio, akaikunja na kuitia kifuani.

"Mama Mithika, tuangalie mwandiko tu," wakamsihi nje. "Mwandiko tu, hatusomi!"

"Hii ni ya mwenyewe."

Na kwa kuwa hakujua kusoma, hiyo siri ilikuwa imepata mahali salama kuliko benki.

Kicheko kilipoisha ndipo hofu ikaingia. Karatasi haihami kutoka bahasha moja hadi nyingine kwa miguu yake. Kuna mtu wa serikali alikuwa anafungua barua za watu mezani kwake, anazisoma, anazirudisha na gundi, na siku hiyo pengine njaa ilimfanya achanganye karatasi. Watu wakaanza kukumbuka yote waliyowahi kuandika. Karwirwa alifikiria kitu kimoja tu: huyo mtu anajua kama mtoto wangu ako hai.

Akaenda kwa chifu. Chifu akaapa kwamba hakuna mtu serikalini anayefungua barua za wananchi.

"Sawa," akasema Karwirwa. "Basi huyo asiyezifungua, mwambie amechanganya karatasi."

Siku chache baadaye akaitwa mjini, kwenye ofisi isiyo na kibao mlangoni. Ndani alikuta afisa kijana, suti ya kahawia, macho mekundu ya kusoma miandiko mibaya.

"Mama, uko na karatasi ya serikali. Toa."

"Serikali ina mpenzi Kibirichia?"

Afisa akagonga meza kwa kalamu. "Naweza kukufunga, unajua?"

"Nifunge, baba. Lakini iko hapa kifuani, na sidhani mama yako alikulea uje kutafuta huku. Nipe yangu."

Katiba ya wakati ule ililinda barua ya mtu, halafu mistari michache chini ikafungua mlango wa nyuma kwa jina la usalama. Karwirwa hakuwahi kuiona hiyo katiba. Alikaa tu kwenye kiti, mikono kifuani.

Afisa akashusha sauti. "Alipona, mama. Walimpasua vizuri, na karatasi ya pili aliiandika akishatoka hospitali. Anasema sasa anakula hata viazi vya huko."

Karwirwa akafunika uso kwa leso. Alilia kidogo, akajifuta, kisha akauliza, "Ulijua lini?"

"Kabla barua ije kwenu."

"Na ulikuwa unalala?"

Afisa akafungua droo, akatoa karatasi ya Mithika. Lakini ile ya mpenzi Karwirwa hakuiachilia hivi hivi. Alimfanya afisa aitie kwenye bahasha ya mwenyewe huku yeye akiangalia, aifunge, na akakaa hapo mpaka gundi ikauka.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa hadi dirishani. Salesio akanyoosha mkono apewe barua. Karwirwa akasimama.

"Mithika ni mzima. Amepona. Asanteni kwa maombi. Hayo mengine ni yangu."

"Aaa, Mama Mithika!" mzee mmoja akaruka. "Na mbuzi yangu nilitoa!"

"Mbuzi yako ilinunua ndege, na ndege ilifika. Barua haikuchangiwa."

Mwaka huo akajiunga na gumbaru, masomo ya watu wazima, akakaa na wazee wenzake kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Barua ya kwanza aliyoandika kwa mkono wake ilikuwa fupi, herufi kubwa kama viazi. Ndani alimwambia mwanawe ale vizuri. Nje ya bahasha, pale inapofungwa, aliandika: KIJANA WA SUTI, SALAMU. UKIMALIZA RUDISHA ZOTE. HUMU KARATASI NI MOJA.