Mbao za Harambee

Kila ninapoianza habari hii, mtu huniuliza kama nilivunja sheria. Sikuvunja. Nilisoma kanuni za mchezo ule mara mbili nikitafuta mahali palipoandikwa kwamba nimekosea, na sikupaona. Hata leo sijui ningeshtakiwa kwa lipi, lakini aibu ninayo, na ndiyo inayonifanya niandike.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, kabla intaneti haijaingia kwenye simu zetu. Nilikuwa nauza vitambaa katika duka la Mhindi mmoja, Mwislamu, pale katikati ya jiji la Nairobi. Saa ya chakula cha mchana sikuwa nakula. Nilipanda ngazi za jengo la jirani hadi kwenye saiba, chumba cha kompyuta za intaneti za kukodi, nikalipia nusu saa na kuingia kwenye mchezo uliochezwa na watu wa dunia nzima kwa pamoja. Humo ndani unakata miti, unachimba chuma, unajenga nyumba. Usichotaka kuchimba wala kukata, unakinunua sokoni kwa sarafu za mchezo, na kila mchezaji anaruhusiwa kufungua kibanda chake.

Aliyenifundisha mchezo huo alikuwa sekretari wa ofisi ya wakili, mama wa miaka arobaini na kitu, mkazi wa Mutuini. Nilimwita anti. Alikaa kwenye kompyuta ya dirishani kila siku, miwani puani, akijenga nyumba ya mbao polepole kama mtu anayefuma sweta. Kule Mutuini alikuwa na ploti ambayo ndugu za marehemu mume wake walikuwa wamemzuia kuijenga. Kwa hiyo aliijenga nyumba kwenye skrini, chumba kwa chumba, jinsi yeye na mumewe walivyokuwa wamepanga. Aliniambia hivyo mara moja tu, na hakutaka nimwonee huruma.

Siku moja alisahau kufunga akaunti yake. Aliyekaa pale baada yake aliivunja nyumba yote akaiuza sokoni, ubao kwa ubao.

"Wamenimaliza, kijana," aliniambia kesho yake.

"Wamekufanya nini, anti?"

"Nyumba. Hata milango wameuza. Nilisahau ku-log out, na mimi ndiye huwa nawaambia nyinyi."

Wakenya wa mchezo ule tulikuwa na kikundi, na kikundi cha Wakenya hakikosi kamati. Kulikuwa na mwenyekiti, mweka hazina, na katibu, ambaye ni mimi. Mtu akipatwa na hasara humo ndani, tulimfanyia harambee kama ya karo au mazishi. Jumatatu hiyo mwenyekiti, aliyekuwa akicheza kutoka saiba moja ya Muthangari, alinipigia simu. Kila mwanachama alete mbao na misumari kufikia Ijumaa, akasema, na katibu awaandikie watu leo leo. Nikamwambia hakuna shida.

Sikuanza na barua. Nilianza na akaunti yangu ya pili, isiyojulikana na yeyote, ambayo nilikuwa naitumia kununua vitu rahisi na kuviuza ghali. Nikazoa mbao zote zilizokuwa sokoni, na misumari yote. Nikaziweka kwenye kibanda changu kwa bei mara nne. Ndipo nikawaandikia wanachama barua ya huzuni nzuri sana, nikiwakumbusha jinsi anti alivyowafundisha wengi wao. Kukata miti kulichukua siku nyingi, kwa hiyo walikuja kununua kwangu, wengine wakinung'unika, na kupeleka mchango wao.

Sarafu nilizopata nilimuuzia mwanafunzi mmoja wa chuo ambaye hakuwa na subira ya kuzitafuta mwenyewe. Nilimfuata hadi getini kwao Lavington, akanipa pesa halisi, na Alhamisi nikanunua viatu vyeusi vya ngozi. Njiani nilikuwa nikijitetea. Mvua ikinyesha mjini, bei ya miavuli hupanda pale pale kando ya barabara na hakuna anayemwita muuzaji mwizi. Hayo ni kweli, ila muuza miavuli hakuandikii barua ya kukusihi umnunulie jirani mwavuli.

Ijumaa asubuhi aliingia dukani mzee mmoja akitaka kitambaa cheupe cha sanda. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri. Tajiri wangu, aliyekuwa akibishania hata shilingi tano na kila mteja, alitoka nyuma ya kaunta akakipima kitambaa mwenyewe, akataja bei ileile aliyonunulia. Mzee alipoondoka nilimuuliza kama amekosea hesabu.

"Hiyo ni ya kuzika," alinijibu, akikunja kitambaa kilichobaki. "Ya kuzika hatuweki faida."

Hakuwa ananisema, wala hakujua lolote kuhusu mchezo. Mimi nilisikia uso ukiwaka. Ningeweza kupanda ngazi saa hiyo nikashusha bei ya mbao zilizobaki. Nilizifikiria hizo ngazi, nikafikiria viatu, nikaendelea kupanga marobota.

Mchana, mchango ulipohesabiwa, zilipungua mbao za paa. Anti alitoa sarafu zake za mwisho akaja kununua kibandani kwangu, bila kujua ni kwangu. Nyumba ikakamilika. Nilikuwa nimekaa kando yake nikiitazama ikisimama.

"Viatu smart, kijana," alisema. "Siku hizi kazi inalipa?"

"Inajaribu, anti."

"Unajua nimemwandikia yule mwenye kibanda pia. Watu wanamlaumu juu ya bei, lakini asingekuwa na hizo mbao mngenitolea wapi? Nimemwambia asante."

"Amekujibu?"

"Bado. Ngoja tu."

Akangoja kweli, macho kwenye skrini. Nilimwambia kompyuta yangu inakwama, nikahamia ya pembeni na kufungua akaunti ya pili. Barua ilikuwepo, kwa Kiingereza chake cha ofisini, safi, bila kosa. Alisema hanijui, lakini Mungu aibariki kazi ya mikono yangu. Alisema nikipita kijijini kwake mle mchezoni, nyumba yake ni ile yenye mlango wa buluu, na nisibishe hodi, niingie tu. Niliisoma mara tatu. Kisha nikamjibu maneno mawili matatu ya adabu kwa Kiingereza, kama mtu wa mbali, nikatuma.

"Kijana, amejibu," aliniita kutoka dirishani, akicheka kwa furaha. "Kumbe ni mzungu. Na ana roho safi."

Nikainama kufunga kamba za viatu, ambazo hazikuwa zimefunguka, nikakaa hivyo hivyo hadi nusu saa yangu ikaisha.