Mikono Mitano ya Birika la Babu

Nimeona bora niiseme mwenyewe, maana nikiwaachia wengine kila mmoja anaitia chumvi yake, na juzi tu nimemsikia mtu wa Kiembe Samaki, ambaye hata hakuwepo, akisimulia kwamba bwana harusi alibebwa na maji mpaka ukumbini. Hakubebwa na maji. Alilowa tu, kuanzia kilemba mpaka viatu, mbele ya mama yake na wanawake wasiopungua arubaini, ndani ya chumba cha bi harusi, na aliyemlowesha ni mimi, shemeji yake, nikiwa nimesimama mlangoni na daftari la hesabu. Aibu hiyo nimeibeba peke yangu vya kutosha, leo nibebeeni kidogo.

Naitwa Rukia. Wakati huo ndiyo kwanza nimemaliza mwaka wa kwanza wa uhandisi huko bara, nimerudi Unguja likizo, na mnamjua mtu wa mwaka wa kwanza alivyo (hajui kitu, lakini na hilo pia halijui), kila nilichokiona nilitaka kukitia kwenye mlinganyo. Ngazi za nyumba yetu nilizitafutia mteremko. Sufuria la wali la mama nililitafutia muda wa kupoa, mama akanifukuza jikoni. Dada yangu Zuhura ndiye pekee aliyekuwa na subira ya kunisikiliza, na huyu Zuhura nina deni lake kubwa, kwa sababu baba alipokataa katakata nisisomee mambo ya saruji na nondo, ni yeye aliyekaa na baba siku tatu mfululizo akimbembeleza mpaka akalainika.

Basi Zuhura akaposwa na Khamis wa Mkokotoni, harusi ikapangwa kwetu Mji Mkongwe, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu babu, na dada yangu akaniomba jambo moja tu, nalo ni maji. Siku ya khitma ya babu maji yalikatika watu hawajanawa mikono, wageni wakatoka wanajifuta wali kwa karatasi, na maneno ya siku ile yalisemwa mwaka mzima. Kwa hiyo Zuhura akanivuta pembeni akanambia, "Rukia, watu wa Khamis wanakuja kunitazama mie na kuitazama nyumba yetu. Maji yasikatike. Sitaki kitu chengine." Nikamwambia aniachie mimi. Ndivyo nilivyosema, jamani, kwa mdomo wangu huu, aniachie mimi.

Sasa niwaeleze hilo birika. Juu kabisa ya nyumba, kwenye paa la chokaa, babu alijenga birika la duara la mawe, chini limeviringika kama bakuli, la kukingia maji ya mvua. Pampu ilikuja miaka mingi baadaye, ikafungwa na fundi mwenye haraka zake ambaye hakulitoboa tundu la kupitishia maji yakizidi, kwa hiyo desturi ya nyumba ni kwamba pampu ikiwashwa lazima mtu mmoja akae juu, atazame maji mpaka yafike shingoni, apige ukelele wa "basi", na wa chini azime. Mtu huyo miaka yote ni Ami Haroub, mdogo wake baba, anakaa na redio yake hana neno na mtu. Mimi jambo lile likinikera kweli kweli. Mtu mzima anakaa masaa juu ya paa anayasubiri maji, na mimi nimesoma muhula mzima namna ya kupata ujazo wa chombo kilichoviringika na muda wake wa kujaa!

Asubuhi ya harusi birika limeshaoshwa, tupu, na mtu mwenye akili angeingia ndani na futi akapima, dakika tano, kazi imekwisha. Lakini nilikuwa nimepakwa hina usiku wake, mikono yote na miguu mpaka juu ya vifundo, maua ya kutazamwa, na sikutaka kuisugua kwenye mawe ya birika kwa ajili ya vipimo viwili. Nikaamua kuuliza. Hapo ndipo nilipojiponza, na mengine yote yalifuata hapo.

Bibi, mama yake baba, alikuwa ukumbini anachambua asumini za kumwagwa kitandani. Nikamuuliza birika la babu lina ukubwa gani.

"Mikono mitano kwa kukata kati, minne kwenda chini," akanijibu bila ya kuinua uso.

"Una hakika, Bibi?"

"Kamba ya kupimia nlikuwa nampokea mie. Babako alikuwa hajazaliwa."

Nikafurahi nusu ya kuruka. Mkono ni kutoka kisukusuku mpaka ncha ya kidole cha kati, hilo nani asiyelijua, nikaupima wangu kwa rula ikaja sentimita arubaini na sita, nikafungua daftari, kalamu nimeishika kwa ncha za vidole nisiharibu hina, nikauandika ule mviringo wa chini, nikaufanyia intigresheni, nikajumlisha na ile sehemu ya juu iliyonyooka. Nikamwita Ami Haroub akinge mdomo wa paipu kwa ndoo ya lita ishirini, mie nikatazama saa ya simu, tukafanya mara tatu tupate wastani (mara tatu, mnaona nilivyokuwa makini pale pasipohitaji umakini). Jawabu likatoka: masaa matatu na dakika thelathini na sita. Nikalipigia mistari miwili chini.

"Ami, pampu ikishawashwa we teremka ukavae kanzu yako," nikamwambia. "Hesabu itakaa badala yako."

Ami akalitazama daftari, akanitazama mimi. "Hesabu yenyewe ina macho?"

"Ina zaidi ya macho."

Nikikumbuka jibu lile natamani kujizaba kofi. Ami akasema haya, nyie ndo mliosoma, akachukua redio yake akateremka. Saa saba kamili pampu ikawashwa, nikaitegesha simu ilie saa kumi unusu, na dakika zile chache za ziada nikaziacha kwa tahadhari, maana nilikuwa na tahadhari pia, msinione hivi.

Saa tisa unusu wanaume wameshakwenda msikitini, wasali alasiri kisha nikaha isomwe, nyumba imejaa wanawake na ngoma na moshi wa udi, mtu hamsikii aliye mbele yake, akanijia Bi Mize. Huyu ndiye somo wa Zuhura, yaani kungwi wake, ndiye aliyekipamba chumba cha harusi tangu alfajiri, na chumba chenyewe kiko ghorofa ya juu, chini tu ya paa.

"Rukia, dari la chumbani linatoka jasho."

"Ni mvuke wa udi, Bi Mize," nikamwambia kwa sauti ya ualimu. "Mvuke ukigusa kitu baridi unageuka maji."

"Mie nafukiza udi miaka arubaini, sijaona dari likatoka jasho."

"Na birika bado saa nzima lijae, haiwezi kuwa birika."

Akaondoka ameuma midomo. Baada ya robo saa karudi, jasho limekuwa matone, nikapanda naye kutazama, na kweli pembeni mwa kitanda palikuwa na tone, kisha tone, kisha tone. Hapa, ndugu zangu, ngazi za kwendea kwenye paa ziko hatua nane kutoka mlango ule. Hatua nane tu, kisha unatia jicho, basi. Mimi nilifanya nini? Nilikaa kwenye kizingiti, nikafungua daftari, nikaanza kuihakiki ile intigresheni mstari kwa mstari. Sikuona kosa. Na linaloniudhi mpaka leo ni kwamba kosa halikuwemo kweli, hesabu ile mwalimu yeyote angenipa alama zote. Nikamwambia Bi Mize kwa uhakika kabisa kwamba maji yale yanatoka kwengine, labda kwa jirani, aweke bakuli pembeni alifunike na asumini, Khamis akishaondoka tutatafuta.

Kumbe juu ya paa birika limefurika tangu saa tisa kasoro, maji yamejaa mpaka kwenye kuta za ukingo, na paa la chokaa la miaka yote ile linakunywa tu.

Honi zikasikika, vigelegele vikapanda, Khamis huyo analetwa, joho, jambia, kilemba cha kukunjwa na mtu anayejua kukunja, mama yake nyuma yake, na watu wa Mkokotoni wakitazama kila pembe ya nyumba kama Zuhura alivyosema watatazama. Wakapandishwa juu. Zuhura kakaa katikati ya kitanda, kafunikwa mtandio wa kijani, kainama. Kilichobaki ni bwana harusi kumpa mkono, yaani aweke kiganja chake juu ya utosi wa mkewe aisome dua, na watu huwa wananyamaza kwa ajili hiyo. Wakanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu mchana nyumba ikawa kimya, na katika ule ukimya ikasikika sauti ya maji, si ya tone, ya maji yanayotembea, na mimi mlangoni nikashuka macho kwenye daftari.

Khamis akauweka mkono. Dari likaachia. Kipande cha lipu ukubwa wa sinia kikaanguka kwanza, nashukuru Mungu kilikwenda ubavuni, kisha yakafuata maji yenye rangi ya chokaa na vumbi la miaka, moja kwa moja kwenye kilemba, yakateremka kwenye joho, yakamfikia Zuhura, wanja ukatiririka, asumini zikaelea juu ya shuka. Na Khamis, Mungu amlipe, mkono hakuuondoa, akaendelea na dua mpaka mwisho huku amefumba macho, sijui kwa unyenyekevu sijui kwa chokaa.

Mama yake akauliza taratibu, "Hivi ndo mnavyompokea mtu huku mjini?"

Zuhura akauinua mtandio, akasema bila ya kupandisha sauti, "Rukia, pampu umezima?"

Na simu yangu ikalia. Saa kumi unusu, imetegeshwa, inanikumbusha kwamba sasa ndiyo wakati wa kwenda kuzima pampu.

Aliyekwenda kuzima ni Ami Haroub, aliyekuja na msafara wa bwana harusi kutoka msikitini. Alirudi kaikunja kanzu mpaka magotini, akapita mbele yangu akasema, "Haya, maji hayakukatika," akaenda zake kutafuta matambara. Afadhali angenitukana.

Tukakausha kwa kila kilichokuwepo, mashuka, misuli, mapazia, Khamis kavishwa kanzu nyengine ya Ami iliyomfika chini kidogo ya magoti, Zuhura kahamishiwa chumba cha chini, na hina yangu niliyoichunga kuliko harusi ya dada yangu ikaishia kwenye maji machafu. Bibi akaja akasimama juu yangu nikiwa nimepiga magoti nakamua tambara.

"Mkono uliupima vipi?"

Nikaunyoosha na vidole vyake vitano. Bibi akanishika vidole, akavikunja kimoja kimoja mpaka likawa konde.

"Fundi kashika kamba," akasema. "Vidole atavinyoosha vipi? Mkono wa fundi mkono wa konde. Hata mtoto anajua."

"Mbona hukunambia, Bibi?"

"Mbona hukuniuliza? Uliuliza mikono mingapi, hukuuliza upi."

Kutoka kisukusuku mpaka konde ni sentimita thelathini na saba. Tofauti ya sentimita tisa, na mtu asiyejua atasema si kitu, lakini tisa hizo zinapungua kwenye urefu, zinapungua kwenye upana huu na zinapungua kwenye upana ule, zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe birika linabaki nusu na uchache. Yaani nilikuwa nakijua kila kitu kuhusu birika lile isipokuwa birika lenyewe.

Chuo nimerudi, ninaendelea, na nimejifunza kuingia ndani ya kitu ninachokipima, kwa magoti ikibidi. Lakini kuna picha. Mpiga picha aliinasa pale pale dari lilipoachia, nyengine zote za chumbani ziliharibika kwa maji kwenye kioo cha kamera, kwa hiyo ndiyo pekee waliyonayo ya kupewa mkono, na Zuhura kaitundika ukumbini kwake Mkokotoni, ukienda kumtembelea unakaa chini yake upende usipende. Ukimtoa Khamis aliyefumba macho, kila mtu humo anatazama juu, mama mkwe, Bi Mize, Bibi, wote vinywa wazi. Zuhura hatazami juu. Kaupindua mtandio kidogo ananitafuta mimi pale mlangoni, na ukitazama vizuri unaona alitazama mapema, kabla ya maji, aliposikia tu ile sauti, maana wanja wake bado mkavu. Nami nipo, naonekana vizuri sana, nimeinamia daftari.