Sinema ya Maharage

Baba aliposikia kwamba huko chuo kikuu nasomea filamu, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwaka mzima?" Nilipomjibu kwamba ni miaka mitatu, aliisukuma chai yake kando. Mbele ya majirani zetu pale kijijini Ganako aliniita mwanafunzi wa Dar es Salaam, akaishia hapo. Mwisho wa mwaka wa kwanza nilikuja likizo na kamera ya chuo, nitengeneze filamu fupi ya mtihani, naye akatoa uamuzi wake. "Hiyo kazi nitaiona kwa macho yangu. Nikikuta ni upuuzi, unahamia ualimu." Baba hakuwa mtu wa kutishia bure. Nami nina kichwa kigumu, nimekirithi kwake, nikamwambia sawa.

Nilichagua siku ya kupura maharage. Kwetu kazi hiyo ni ya kualikana, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba hupika pombe. Nilikwisha kuiona filamu yote kichwani: fimbo zinapanda na kushuka pamoja, vumbi, kinamama wanapepeta. Ila Jumapili, watu wakitoka kanisani, mdomo ukaniponza. Niliwatangazia kwamba siku ya maharage nitawapiga picha.

Basi wakaja, na walivyokuja sasa. Hakuna hata mmoja aliyevaa nguo ya kazi. Yalikuwa makoti ya harusi, kofia, na viatu vilivyong'arishwa kwa mafuta ya kupikia, miaka ile ya mwanzo wa themanini ambapo mafuta yenyewe yalikuwa ya kutafuta kwa tochi. Jirani mmoja alileta redio isiyo na betri, aishike tu mkononi. Wazee walikaa vitini, kinamama wakasimama nyuma, watoto chini, wote wameganda, kwa kuwa picha waliyoijua ni ya studio ya Karatu mjini, ambako ukitikisika mpiga picha anakugombeza. Rafiki wa baba, mfugaji aliyekuwa ameteremka kutoka Nainokanoka kununua mahindi, alijitenga kando. Alisema hapigwi picha bila ng'ombe, watu watajuaje yeye ni nani? Tukamwazima maksai wetu wa plau. Alimkagua, akaguna, akakubali shingo upande.

"Jamani, kamera hii inataka watu wanaofanya kazi," nikawaambia. "Vueni makoti, tupure."

Baba hakusogea. "Unataka watu wa Dar watuone tumejaa vumbi?"

"Baba, kazi yenyewe si ndiyo hiyo?"

"Basi usipige." Kisha akahamia Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, na baba akihamia huko ujue mjadala umefungwa.

Nilichemka. Nilikuwa na mkanda mmoja tu, wa dakika chache, na kwa hasira nilitaka kuufungia sandukuni nikawe mwalimu yaishe. Halafu nikawatazama walivyojipanga kwenye jua, wameshikilia tabasamu, nikaona haya. Nikazungusha ufunguo kujaza springi inayoiendesha kamera, nikawapiga kama walivyotaka, uso mmoja baada ya mwingine, taratibu, na maksai nyuma yao anacheua. Kamera iliponyamaza wote walishusha pumzi kwa pamoja. Nikasema asanteni.

Sasa, maharage hayajipuri yenyewe, na pombe ilikuwa inawasubiri. Makoti yakatundikwa kwenye ua. Baba alibaki na fulana iliyotoboka begani, akashika fimbo, akaanzisha wimbo. Nikajaza springi tena. Aliusikia ule mngurumo, akanitazama moja kwa moja, fimbo ikiwa juu. Nikajua leo nakula fimbo mbele za watu. Aliishusha kwenye maharage, na iliyofuata akaipiga kwa nguvu zaidi. Likizo ilipoisha nikarudi chuoni na mkanda wangu, hukumu ya baba bado inanisubiri.

Mhadhiri wangu alipouona mkanda alitaka nikate kipande cha watu waliosimama, eti kinapoteza muda. Nilimwambia wale watu wamevaa vile ili watu wa Dar kama yeye wawaone. Tulibishana mpaka akachoka.

Likizo iliyofuata niliazima projekta, misheni wakatupa jenereta, tukaziba madirisha ya darasa la shule ya msingi kwa mablanketi, mchana kweupe. Watu wakajiona ukutani na makoti yao. Kila aliyejiona alinyoosha mgongo palepale kwenye dawati. Mfugaji wetu alitangaza kwa sauti kwamba yule ng'ombe si wake, asije akasingiziwa, na kicheko kikavuma darasa zima.

Kisha zikaja fimbo. Filamu haikuwa na sauti, basi mama mmoja akaanza wimbo wa kupura na wenzake wakamwitikia. Baba alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Niliogopa kumtazama usoni. Ualimu niliuona unanijia mbiombio. Mkanda ukaisha, ukuta ukabaki mweupe.

"Turudishie pale mwanzo, tulipopendeza," jirani wa redio akaomba.

"Hapana," baba akasema. "Rudisha pale ninapopiga."

Nilimweleza kwamba ni lazima kwanza niuzungushe mkanda wote.

"Zungusha. Na mwakani uje na mrefu zaidi. Huu umeisha kabla sijachoka."