Siku Mama Alipotaka Kuona Yai Likirushwa

Kaka yangu alipika mbele ya watu miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo mama yetu hakuwahi kumwona akipika. Si kwamba alikatazwa. Kila aliposema atakwenda, kaka alikuwa na sababu: leo kumejaa, kesho wanatengeneza feni, wiki hii moshi utakuumiza kifua. Nadhani aliona aibu kidogo. Alisomeshwa ufundi umeme, na sasa anavaa kofia ndefu nyekundu na kuwarushia watu wazima vipande vya nyama wavidake kwa mdomo. Nilikuwa namtania kwamba afadhali angefuga mbwa, wao hudaka bila kudondosha.

Mgahawa wenyewe ni wa Kijapani, wa nyama na sushi, ingawa Mjapani pekee niliyewahi kumwona mle ndani ni yule wa kwenye picha karibu na choo, ameshika mwavuli. Mbele kuna mabamba matatu makubwa ya chuma, kila moja limezungukwa na viti vinane, na mpishi anapika hapo hapo mbele ya macho yenu. Mkija wawili mtakalishwa na watu msiowajua, na kabla hamjamaliza kula mtakuwa mmecheka pamoja. Upande wa kulia, nyuma ya kioo, wanakata samaki wa sushi. Na nyuma kabisa, baada ya mlango wa kusukuma, kuna chumba cha kuoshea na kupikia mchele. Huko hupelekwa mpishi ambaye hawataki kumfukuza lakini hawataki aonekane.

Kaka aliingia pale mara ya kwanza akiwa na ngazi begani, ameitwa kubadilisha feni ya moshi. Akamkuta mpishi anarusha yai, akabaki juu ya ngazi mdomo wazi mpaka akaulizwa kama analipwa kwa saa. Wiki iliyofuata alirudi kuomba kazi ya kuosha vyombo. Miaka miwili alifanya mazoezi nyumbani, kwanza kwa viazi, halafu mayai ya kuchemsha, halafu mabichi, na mama akalalamika kwamba nyumba yetu inamaliza mayai kuliko mwenye kuku. Mwisho akaweza. Yai linapanda karibu na taa, linashuka, linajipasua lenyewe kwenye makali ya mwiko wa chuma. Ute na kiini vinamwagika kwenye bamba, ganda linabaki juu ya mwiko. Kazini wakamwita Mzee wa Yai. Mama alisimuliwa habari za yai hilo mara nyingi kiasi kwamba yeye naye aliwasimulia majirani, na chumvi akatia mwenyewe.

Mimi ni fundi nguo. Kaka ananiita Sindano, na si kwa sababu ya cherehani. Miezi minne kabla ya siku ninayoisimulia aliniletea koti lake la kazi, akaniomba niondoe vifungo vyote saba, niweke vile vya kubonyeza.

"Vya kubonyeza ni vya nguo za watoto wachanga," nikamwambia. "Umeanza kunyonya tena?"

Hakucheka. Aliweka mkono wake wa kulia juu ya meza yangu ya kukatia, na vidole vikawa vinatetemeka bila yeye kuvituma. Nikaacha utani.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Daktari amenipa dawa. Inapunguza, haiondoi."

"Na yai?"

"Yai silirushi tena. Nimepata njia nyingine. Na wewe usije ukamwaga mtama penye kuku wengi."

Akanionyesha njia yake kwa mkasi wangu na rula. Anaanza kwa kuligonga bamba, mwiko mkono huu, uma mrefu mkono ule, ta-ta-ta-ta kama mpiga ngoma, na haachi. Anakata nyama kwa mdundo, anageuza mboga kwa mdundo, anatia chumvi kwa mdundo. Mkono unaotetemeka ukishapewa mdundo, watu wanadhani ni mbwembwe. Yai analizungusha juu ya bamba kama pia ya watoto, na likiwa bado linazunguka analipasua pale pale bila kuliinua. Wateja wanapiga makofi kama zamani. Nilimwonea fahari, na wakati huo huo nilitamani kulia.

"Meneja akigundua?"

"Nitaosha mchele mpaka nistaafu," akasema. Alisema hivyo polepole, kama mtu anayetaja ugonjwa. Kuosha mchele si aibu, mimi najua, lakini kaka aliacha umeme kwa ajili ya kusimama mbele ya wale watu wanane. Ukimwondoa pale sijui angebaki nini.

Kisha mama akatimiza miaka sabini. Tulimuuliza anataka zawadi gani, akasema hataki kitenge wala viatu, anataka kumwona mwanawe akirusha yai. Safari hii hakuna sababu iliyofua dafu. Kaka akaweka nafasi ya Jumapili mchana, akaniambia nisiwe na wasiwasi, atalizungusha, mama hatajua tofauti.

Ningemwacha. Laiti ningemwacha! Lakini mimi nikiona mshono umelegea, hata kwenye nguo ya mtu nisiyemjua, vidole vinaniwasha. Nililala nikiliona lile yai likianguka. Ijumaa, bila kumwambia mtu, nikampigia meneja simu.

"Jumapili tunamleta mama," nikasema. "Ni mtu mzima, moyo wake si mzuri. Vitu vya kurushwarushwa vitamshtua. Naomba kaka apike tu, asirushe yai."

"Mbona kaka yako ameniambia mama anakuja kwa ajili ya yai?"

Hapo ningekata simu. Kiherehere hakikuniruhusu.

"Ni kweli, lakini… na yeye mwenyewe, ule mkono, siku hizi umechoka."

"Mkono una nini?"

"Hauna kitu. Umechoka tu."

"Nashukuru kwa kunijulisha, dada," akasema. Nilibaki nimeshika simu.

Jumapili mama alivaa gauni nililomshonea, akakaa kiti cha katikati. Kushoto kwake nilikaa mimi. Kulia walikaa baba na mama mmoja na watoto wao wawili, watu wachangamfu tusiowajua. Mama aliwajulisha kabla hawajafungua menyu. "Mpishi anayekuja ni mwanangu. Wa kumzaa mwenyewe."

Kaka akatoka na toroli lake, kofia nyekundu kichwani, lile koti la vifungo vya kubonyeza limemkaa vizuri. Akamwinamia mama mpaka kofia ikakaribia kuanguka. Halafu akaanza. Ta-ta-ta-ta. Watoto wakaanza kugonga meza naye. Vitunguu vikakatwa, vikapangwa pete juu ya pete kama kilima, akatia mafuta katikati, moto ukaruka, mama akapiga kelele na kunishika paja. Sijawahi kumwona mama akifurahi vile. Nami nikaanza kupumua.

Ndipo nikamwona meneja. Alikuwa amesimama nyuma ya kaka, hatua mbili tu, mikono nyuma, na hakuwa anaangalia moto. Alikuwa anaangalia mkono. Kaka naye alijua kuna mtu nyuma yake. Mdundo ukaongezeka kasi.

Likafika yai. Akaliweka kwenye bamba, akalizungusha, likazunguka vizuri ajabu, akashusha mwiko, likapasuka katikati. Familia ya pembeni ikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mama hakupiga. "Mbona hukurusha?" akauliza.

"Mayai yamepanda bei, mama."

"Mimi nimepanda miaka sabini. Rusha."

"Mama, mwache apike," nikaingilia. "Njaa inaniuma."

"Wewe njaa imeanza kukuuma tangu siku niliyokuzaa." Wote wakacheka. "Haya mwanangu, rusha yai nilione."

Watoto wakaitikia, "Yai! Yai! Yai!" Na meneja, ambaye kwa siku nyingine yoyote angekuwa kwenye meza yake anapokea simu, akasogea, akachukua yai moja kutoka kwenye bakuli la toroli, akampa kaka mkononi.

"Mrushie mama," akasema kwa upole.

Kaka aliliangalia yai. Mdundo ulikuwa umekoma, na bila mdundo mkono ulionekana wazi, unatetemeka na yai lake. Nilitaka kusimama. Nilitaka kusema mama anaumwa, kuna moto jikoni, chochote. Lakini kila nililolifikiria lingezidi kumwonyesha, na mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake tangu Ijumaa. Nilikaa nikifinya kitambaa cha meza kwa vidole.

Akarusha. Yai halikufika hata usawa wa macho yake. Likapiga ukingo wa bamba na kuanza kukaangika na ganda lake. Watoto wakacheka mpaka wakalala mezani. Mama akacheka kuliko wao, machozi yakamtoka. "Anajifanya hawezi!" akamwambia jirani yake. "Ndivyo alivyo tangu utotoni, mchekeshaji."

"Tena!" wakaimba watoto.

Kaka akacheka pia. Alirusha la pili, likapita nyuma ya bega lake na kutua karibu na kiatu cha meneja. Vicheko vikazidi. La tatu hakulirusha, kwa sababu mwiko ulimtoka mkononi, ukaanguka juu ya bamba kwa kishindo na kuteleza kuelekea kwa mtoto mdogo. Baba yake alimvuta. Hakuumia. Hapo baba yule aliacha kucheka, na mama mtu naye akaacha, akabaki mama yangu peke yake.

Meneja aliuokota mwiko kwa taulo. Alitabasamu kwa meza nzima. "Mzee wetu anahitajika jikoni mara moja," akasema, na kumwita dada anayepika kwenye bamba la pili. Kaka alimwambia mama, "Nakuja," akaondoka na mikono yake mfukoni. Yule dada alirusha yai kwenye mpigo wa kwanza, likapanda mpaka kwenye taa, ganda likabaki juu ya mwiko. Ndilo yai tulilosimuliwa miaka yote.

"Si haba," mama akasema. "Lakini hana vichekesho kama mwanangu."

Tulikula. Nilitafuna nyama kama natafuna mpira. Mama alimaliza sahani yake na kuanza yangu.

Kaka alirudi wakati tunamaliza. Hakuwa na kofia nyekundu. Alivaa kofia ya kitambaa cheupe, ile ya watu wa mchele, na aproni ya plastiki. Alikuwa ameshika kwa mikono yote miwili sahani yenye vipande sita vya sushi, na meneja alikuwa ubavuni mwake ameishika kidogo kwa chini.

"Samaki mbichi?" mama akauliza. "Kwani gesi imeisha?"

"Ndivyo inavyoliwa, mama."

Alikula kimoja kwa sababu kimeletwa na mwanawe, akafumba macho, akameza. Kisha akaiona kofia.

"Ile ndefu iko wapi?"

"Wamenihamisha, mama. Kuanzia leo niko upande wa sushi. Upande wa wataalamu."

Niliujua upande wenyewe. Ni ule wa baada ya mlango wa kusukuma.

Mama alisimama. Magoti yake hayamruhusu kusimama haraka, lakini siku ile yalimruhusu. Akamkumbatia kaka, akamgeukia meneja na kumshika mikono. "Mungu akuzidishie, baba. Miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza leo mmemwona mwanangu. Na umempandisha cheo siku yangu!"

Meneja si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa mbaya ningepata wa kumlaumu. Aliona haya. Alijaribu kuitoa mikono yake, akashindwa, akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta mlango, akaniona mimi.

"Usinishukuru mimi, mama," akasema. "Mshukuru binti yako. Ndiye aliyenipigia simu Ijumaa, akanieleza habari za kaka yake."

Kaka alinitazama. Hakukunja uso. Ningeomba akunje, anitukane, amwage ile sahani. Alinitazama tu mpaka akawa ameelewa, na nikaona wakati ule ule alipoelewa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilifungua mdomo kusema sikukusudia, lakini mbele ya mama ningesema sikukusudia nini?

"Kumbe!" mama akasema, akinipapasa shavu huku akimtazama kaka. "Kila siku mnachokonoana, kumbe mwenzio anakuhangaikia kimyakimya. Haya, mshukuru mdogo wako."

Kaka alikuwa na miaka arobaini na nane. Aliiweka mikono yake chini ya aproni.

"Asante," akasema.

"Vizuri. Kwa moyo."

"Asante sana, mdogo wangu."

Mama alikuwa ananitazama, anasubiri, na uso wake wote unacheka. Nikamjibu kaka yangu, "Karibu."