Buli Lililokataa Kukauka

Mezani kwa Olive Yeo kulikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa na umri kumzidi mwenyewe: maadamu buli lina chai, neno zito halisemwi. Uongelee mvua. Uongelee mawaridi na konokono wanaoyatafuna. Uongelee mke wa kasisi na kofia zake. Lakini maradhi, talaka na mali kuuzwa vingoje nje mpaka buli likauke.

Ilikuwa sheria ya mama yake, Ada, tangu kule shambani walikokuwa wakikamua ng'ombe na kuyapika malai polepole katika masufuria mapana. Alasiri moja baba yake Olive aliivunja: alitangaza mezani, keki ikiwa bado mdomoni, kwamba ng'ombe wote wangeuzwa. Ada hakulia. Alimalizia kumimina, akaliweka buli chini taratibu, akasema, "Walter, ungeningoja ninywe." Tangu siku ile hakuna aliyethubutu tena. Olive alikuwa mtoto, na alichoondoka nacho mezani pale hakikuwa adabu peke yake. Alijua sasa kwamba chai inaweza kulizuia jambo, japo kwa nusu saa.

Alipoolewa na Leonard, seremala, akahamia nyumba ya mawe iliyo mwisho wa kichochoro cha kanisa, alikwenda na buli la Ada, la udongo wa kahawia, mdomo umemeguka kidogo, na sheria yake ndani. Leonard aliiheshimu hata siku aliyotoka kwa daktari na habari za mapafu yake. Alikunywa kwanza, akaisifu jamu, akaomba aongezewe, ndipo aliposema. Baada ya mazishi Olive alibaki na nyumba. Alijua kila ubao wa ngazi unavyolia, na jioni nyingine aliuitikia.

Hofu ililetwa na Mavis Hannaford, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, aliyeingia Jumamosi asubuhi bila kubisha, kama desturi yake.

"Umesikia ya Enid Tapper?"

"Nimesikia amekwenda Paignton kupunga upepo wa bahari."

"Kupunga upepo! Bibi wee, wamemtia nyumba ya wazee. Kijana wake alikuja kwa chai, akala keki yake, akapanda juu kutazama dari, aliposhuka akamwambia, 'Mama, nyumba hii imekushinda.' Basi. Jana kitanda chake nimekiona kwa macho yangu kinapakiwa kwenye lori."

"Enid alikuwa anaangukaanguka."

"Na wewe majira ya baridi hukuanguka?"

"Niliteleza. Kuteleza si kuanguka."

"Kamweleze hivyo Graham wako. Si umesema anakuja kesho? Tena peke yake? Tangu aoe hajaja peke yake hata mara moja. Mimi simo, nasema tu."

Olive akacheka, akamfukuza kwa kitambaa cha vyombo. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Mavis. Graham, mwanawe, alipopiga simu kusema anakuja, aliuliza kama chumba cha juu bado kinavuja.

Jumapili saa kumi za jioni meza ilikuwa tayari. Kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, sandwichi za matango zilizokatwa kingo, skonzi zilizofunikwa zisipoe, jamu ya stroberi, bakuli la malai yenye utando wa dhahabu juu yake. Alilipasha buli kwa maji ya moto, akayamwaga, akatia majani, akamimina maji yanayotokota, kisha akalivika kofia yake ya sufu. Mikono ilifanya kazi yake vizuri. Macho ndiyo yaliyokuwa yakikimbilia dirishani.

Graham aliingia ameinama, maana milango ya nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya watu wafupi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye upole wa baba yake. Shati lake halikuwa limepigwa pasi.

"Philippa hajambo?"

"Ana mafua."

"Mafua mwezi wa sita!"

"Ndiyo, Mama."

Alikaa, akapasua skonzi, akapaka malai, kisha akaweka jamu juu yake. Olive akapiga makofi.

"Haa! Umerudi kwenye dini ya kwenu! Mkeo angekuona!"

Philippa alikuwa mtu wa Cornwall, ng'ambo ya mto Tamar, ambako jamu hutangulia na malai hufuata, na tangu harusi Graham alikuwa akifuata njia ya mkewe hata kwenye meza hii ya Devon. Olive hakuwa amemsamehe kabisa.

"Hayupo wa kuniona," Graham akasema.

Mama akacheka, akidhani ni mzaha.

"Mama, kile chumba cha juu..."

"Hakivuji. Baba yako alikiziba."

"Na ngazi? Unazipandaje siku hizi?"

"Kwa miguu."

Graham akatabasamu, akatazama kikombe chake. "Kwa kweli nilitaka tuzungumze..."

"Buli bado lina chai," Olive akasema, akamimina.

"Haya, Mama."

Aliitii sheria, na Olive alijua ataitii. Hilo ndilo alilokuwa ametegemea tangu jana. Chai ilipopungua aliongeza maji ya moto. Maji yalipoishinda chai, alikwenda jikoni akarudi na majani mapya. Waliongelea mvua. Waliongelea konokono. Waliongelea farasi wa mtu ambaye wote wawili hawakumpenda. Graham alizila sandwichi zote, akala skonzi alizowekewa Mavis, akakomba malai kwa kijiko kama mvunaji.

"Kwani huko Bristol hawakulishi?"

"Wananilisha," akasema, masikio yakamwiva.

Akaomba kwenda msalani, akakawia. Olive, birika mkononi, alisikia mbao zikilia juu ya kichwa chake, si upande wa msala, bali katika chumba alicholala Graham utotoni. Graham akatembea hadi dirishani. Akarudi. Kikalia kitanda. *Anapima*, Olive akawaza, na maji ya moto yakamrukia kidoleni. Aliposhuka alikuta buli limejaa tena.

"Hili la ngapi, Mama?"

"Mgeni hahesabu."

"Kumbe mimi mgeni?"

Olive alimsogezea sukari.

Kengele ya ibada ya jioni ilipolia, Graham alisimama. Chai ndani ya kikombe chake ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea brashi. Mlangoni alimkumbatia mama yake, akakaa hivyo muda mrefu kuliko walivyozoea katika ukoo wao.

"Nilikuwa na neno. Lakini si lazima leo."

"Si lazima," Olive akasema haraka.

Aliosha vikombe akiimba kwa sauti ndogo. Nyumba ilikuwa bado yake. Mwanga wa kiangazi ulikuwa bado umelala juu ya mawaridi Mavis alipoingia kutoka kanisani, amevaa kofia yake, na safari hii alibisha.

"Olive, mbona Graham yuko kwenye gari nyuma ya kanisa?"

"Graham amekwenda zake."

"Hajaenda. Amelala. Nimegonga kioo nikidhani amezimia. Kiti cha nyuma kimejaa mito na masufuria, na cha mbele kina ile saa uliyowapa harusini. Nikamwuliza, Philippa yuko wapi? Akasema, 'Shangazi Mavis, tumeachana tangu Pasaka. Sina pa kulala.'" Mavis akavua kofia. "Nilidhani ndiyo mliyokuwa mkiongea mchana kutwa."

Olive akakaa. Malai kwanza. Yeye mwenyewe aliyaona yakipakwa, akapiga makofi. Mtu amerudi kwao mpaka kwenye kisu cha siagi, na mama yake ameona imani tu, hakuona mke aliyeondoka. Graham alikuwa akiulizia dari ili ajue kama ataweza kulala chini yake.

Buli lilikuwa mezani, nusu yake imejaa. Alilivua kofia, akatoka nalo, akamwaga yote kwenye mawaridi. Mavis akamnyooshea mkono amshike, Olive akaukataa. Akateremka kichochoro, mguu uliomteguka majira ya baridi ukiburuzika kidogo, buli kifuani.

Graham alishusha kioo. Shavuni alikuwa na alama ya mshono wa kiti.

Olive alilipindua buli. Majani machache yalimdondokea kiatuni.

"Limekauka," akasema.

Graham aliyatazama yale majani. Kisha akainama, akafungua mlango wa upande wa pili, akaiinua ile saa ya ukutani iliyokuwa kitini, akakosa pa kuiweka. Olive akaipokea, akaketi, akaipakata pamoja na buli. Saa ilikuwa imesimama.

"Sema, mwanangu."

Mikono ya Graham ikashika usukani wa gari lisilokwenda popote. Maisha yake yote, kimya kilipokuwa kizito hivi, Olive alijua la kufanya: huinua mkono, akamimina. Sasa hakuwa na cha kumimina. Alikaa, vidole vimezunguka ule mdomo uliomeguka, akangoja.