Sukari ya Wageni

Miaka ile ya foleni, vitu vilipoadimika madukani, mama yangu alikuwa mpishi kwa mkubwa mmoja mjini Musoma, na sisi wanawe aiskrimu tuliijua kwa masikio tu. Akirudi Kigera jioni alitusimulia: maziwa, viini vya mayai, sukari, nanaa iliyoota nyuma ya jiko la bosi, na chokoleti iliyovushwa kutoka Kenya kwa njia za panya. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alimuuliza kila mara sisi tutakula lini. Mama alimjibu, vitu vikirudi. Nchi nzima ilisema hivyo, utadhani vitu vimekwenda kusalimia ukweni.

Basi vikarudi. Sukari ikajaa madukani, na mimi, sasa mke wa mtu, nina jiko langu Makoko, nikamwita mama anifundishe ile aiskrimu. Nilidhani namfurahisha.

Alikuja na nanaa yake, ameifunga kwenye pindo la khanga. Aliiponda, akaitia kwenye maziwa ya moto, akafunika ili yavute harufu. Mimi nilinunua barafu kwa wachuuzi wa samaki, tukaivunja ndani ya ndoo na kuimwagia chumvi ya mawe. Bila chumvi, alisema, barafu haina nguvu ya kugandisha kitu. Nikapiga viini, nikamsogezea sukari. Akajaza kikombe, akakishika, asikimimine.

"Chumvi tulikuwaga nayo," alisema.

Nilimwelewa papo hapo, kwa sababu siku aliyoikumbuka nilikuwepo. Mdogo wangu alikuwa ameharisha mpaka macho yakazama. Mama alikuwa kazini, mimi nikambeba mgongoni hadi zahanati. Dawa hazikuwepo. Nesi akasema tuchemshe maji, tutie chumvi na sukari, tumnyweshe. Mtaa mzima haukuwa na sukari. Nikamwacha kwa jirani, nikakimbia hadi jikoni kwa bosi, nikamkuta mama anapima sukari ya aiskrimu, maana siku hiyo kulikuwa na wageni. Alikwenda kumwomba mke wa bosi vijiko viwili. Yule mwanamke hakufoka. Alisema kwa upole kwamba sukari ile ni ya wageni, asubiri waondoke, kitakachobaki achukue.

Mama akasubiri. Mimi nilirudi nikamnywesha mdogo wangu maji matupu. Mama alipofika jioni, sukari ameifunga kwenye kipande cha gazeti, tulikuwa tumeshamfunika shuka. Tulimzika Butiama, kwa babu.

Yule mwanamke namchukia mpaka leo, wala sioni sababu ya kuficha. Subira huvuta heri, wanasema. Ya mama yangu iliwavutia heri wengine, wakalamba vijiko sebuleni.

"Jikoni nilikuwa peke yangu," mama alisema, kikombe bado mkononi. "Nani angeniona?"

Nilitaka kumwambia kwamba angefukuzwa, na sote tungelala njaa. Akamimina sukari, tukachanganya na maziwa, tukakoroga kwenye moto mdogo mpaka yakawa mazito. Yalipopoa tukayatia kwenye kopo, tukalizungusha ndani ya barafu kwa kupokezana mpaka vidole vikafa ganzi. Mwishoni mama akakatakata chokoleti kwa kisu na kuichanganya humo.

Ilikuwa tamu. Hata hilo liliniuma.

Nikawapakulia watoto, nikatenga bakuli moja la shemeji zangu waliokuwa njiani kutoka Bunda. Mwanangu mdogo alimaliza mapema kuliko wenzake, akanisogezea kibakuli chake akaomba tena. Nikamwambia, bila hata kufikiri, asubiri kwanza wageni waje wale.

Mama akaniangalia.

"Mpe mtoto," alisema. "Mpe sasa hivi."

Nikampa ile ya wageni.