Mtumbwi wa Emery Uyirwoth Jangwani

Emery Uyirwoth, mjenzi wa mitumbwi ya mbao, mzaliwa wa Mahagi-Port, alipoteza mitumbwi minne huko Tchomia, kando ya ziwa, wakati wa vita: ilichomwa ufukweni. Alikimbilia Bunia pamoja na mkewe, Clarisse, na kwa miaka tisa akatengeneza vitanda, kazi aliyoidharau waziwazi. "Kitanda," aliniambia, "hata mulevi anaweza."

Mwaka 2012 Bruce, katibu wa chama kimoja cha utamaduni mjini, mtu asiyevua miwani myeusi hata ndani ya nyumba, alimpeleka kwenye tamasha katika jangwa la Moroko ajenge mtumbwi mbele ya wageni. Emery alikubali kwa sababu moja tu: ungekuwa mtumbwi wake wa kwanza tangu vita. Hakuuliza ziwa liko wapi. Alidhani watu wenye akili ya kumsafirisha fundi kwa ndege wasingekosa akili ya kutafuta maji.

Alikuta watu wazima waliojipaka majivu, milango isiyo na nyumba, na mnara wa viti vizima ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvikalia. Alijenga kwa siku tisa, akaziba nyufa kwa pamba na lami huku wageni wakimcheka na kumpiga picha. Siku ya mwisho alidai maji. Kwa mafundi wenzake wa ziwani, mtumbwi hautoki mkononi mwa mjenzi kabla hajamimina maji ndani, akakaa humo na kutazama kama unavuja.

"Papa Emery, acha," Bruce alisema. "Saa kumi na mbili tunachoma mutumbu. Hii iko art: inazaliwa, inakufa."

"Mitumbu yangu ine ilikufa pia. Siku ile hakuna mutu alipiga mikono."

"Lakini papa, wageni wanangojea moto!"

"Wangojee. Viti iko mingi."

Akamimina humo bido yake, dumu la maji ya kunywa, akapanda, akaketi. Wageni wakashangilia, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Saa kumi na mbili ikapita. Bruce alibembeleza, akatisha, mwishowe akapiga magoti mchangani na suruali yake nyeupe. Emery hakushuka. Asubuhi mahema yalikunjwa, wageni wakaondoka wamenuna, na mtumbwi ulikuwa haujaungua wala kuvuja. Mfugaji wa jirani, aliyeelewana na Emery kwa ishara za mikono, aliuburuta kwa ngamia hadi kisimani, akaujaza, akawaita mbuzi wake. Emery aliwatazama wakinywa mpaka gari la uwanja wa ndege lilipomjia.

Katika ripoti yake Bruce aliandika kwamba moto uliahirishwa kwa sababu ya upepo.

Clarisse hakuwa na subira na habari za sanaa. "Weye ulipanda avion kwenda kutengenezea mbuzi sahani?"

"Mbuzi ilijua kazi yake," Emery akamjibu. "Wale wengine hapana."